Kujifungua Ugenini kwa Visa ya Matembezi: Mwongozo Kamili wa Gharama za Hospitali na Uraia wa Mtoto

Wanaokwama katika jambo hili hukwama mahali pamoja. Huanza na tiketi, kisha hospitali, na uraia wa mtoto huuulizia mtoto akiwa tayari mikononi. Ndipo unamkuta mama ana wiki tatu tangu ajifungue, visa yake inaelekea ukingoni, mtoto hana pasipoti ya nchi yoyote, na hospitali inadai pesa ambazo hazikuwamo kwenye bei aliyotajiwa. Mpangilio sahihi ni kinyume cha huo: uraia kwanza, pesa pili, tiketi mwisho.

Mwongozo huu ni wa mjamzito anayeingia nchi nyingine kama mgeni wa muda, asiye mkaazi wala mfanyakazi wa huko.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti za wazazi wote wawili, zitakazokuwa hai kwa angalau miezi sita baada ya tarehe ya makadirio ya kujifungua.
- Vyeti halisi vya kuzaliwa vya wazazi wote wawili. Ubalozi huvitaka ili kuthibitisha kwamba uraia wenu unarithishika, na ndiyo karatasi inayosahaulika nyumbani kuliko zote.
- Cheti cha ndoa. Kama hamjaoana, hati ya baba ya kumkubali mtoto, iliyothibitishwa na wakili.
- Tafsiri rasmi ya kila cheti kisichokuwa katika lugha ya nchi mnayokwenda.
- Barua ya idhini ya baba kama hatasafiri, yenye nakala ya pasipoti yake na muhuri wa wakili.
- Kadi ya kliniki pamoja na majibu ya vipimo: kundi la damu na Rh (ile alama ya chanya au hasi ya kundi hilo), wingi wa damu, sukari, VVU, kaswende, homa ya ini B, na ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22. Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, beba ripoti yake.
- Barua ya daktari inayotaja umri wa mimba kwa wiki, tarehe ya makadirio, na kama ni mtoto mmoja au mapacha.
- Njia mbili za kulipa. Kadi moja ya benki haitoshi, kwa sababu kikomo cha siku huweza kukwamisha malipo ya awali usiku ule ule unapopokelewa. Piga simu benki wakipandishe kabla hujaondoka.

Hatua ya 1: Jibu swali la uraia

Mahali mtoto alipozaliwa huandikwa kwenye cheti chake. Hilo halimaanishi kwamba mahali hapo pamempa uraia. Kuna maswali matatu, na yote yanahitaji jibu kabla hujalipa senti.

*Swali la kwanza: nchi ya kuzaliwa inampa uraia?*

Nchi nyingi za mabara ya Amerika humpa uraia karibu kila anayezaliwa katika ardhi yao, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia. Kanada, Meksiko, Brazili na Argentina zimo. Marekani imo pia, kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba yaliyopitishwa mwaka 1868. Lakini Januari 2025 rais wa nchi hiyo alitia saini amri ya kuwanyima uraia watoto ambao mama zao wako nchini kwa visa za muda na baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Mahakama ziliizuia, na shauri likafika Mahakama ya Juu. Anayeitazama Marekani asome hali ilivyo mwezi anaosafiri, asitegemee aliyosimuliwa na aliyejifungulia huko miaka kumi iliyopita.

Kwingineko mlango huo ulishafungwa. Uingereza iliufunga tarehe 1 Januari 1983, na tangu hapo mtoto ni raia kwa kuzaliwa pale tu mzazi mmoja akiwa raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Australia ilifuata tarehe 20 Agosti 1986, Ayalandi tarehe 1 Januari 2005, na Nyuzilandi tarehe 1 Januari 2006. Ujerumani inataka mzazi awe ameishi huko kihalali kwa miaka kadhaa. Ufaransa haimpi uraia papo hapo mtoto wa wazazi wageni. Mgeni wa matembezi haingii katika masharti hayo.

*Swali la pili: nani anamrithisha?*

Hili ndilo linalopuuzwa, na ndilo zito. Kama nchi ya kuzaliwa haimpi kitu, mtoto anategemea damu ya wazazi peke yake. Angalia mambo matatu.

Je, mama anaruhusiwa kurithisha? Zipo nchi zaidi ya 20 ambazo mama hana haki sawa na baba katika jambo hili, nyingi zikiwa Mashariki ya Kati na Afrika. Ikiwa baba hajulikani kisheria, mtoto anaweza kubaki bila taifa lolote.

Je, mzazi mwenyewe alizaliwa nje? Baadhi ya nchi hurithisha uraia kizazi kimoja tu. Mwingereza aliyezaliwa nje na kuupata uraia kupitia kwa mzazi wake, kwa kawaida hawezi kumpa mwanawe aliyezaliwa nje pia. Familia ambayo vizazi viwili vimezaliwa safarini ichunguze hapa kwa makini.

Je, kuna muda wa mwisho wa kuandikisha? India humtaka mzazi aandikishe kizazi ubalozini ndani ya mwaka mmoja, na kutamka kwamba mtoto hana pasipoti ya nchi nyingine. Japani ni kali zaidi: mtoto aliyezaliwa nje na kupata uraia mwingine hupoteza ule wa Japani, wazazi wasipotoa taarifa ya kuubakiza ndani ya miezi mitatu.

*Swali la tatu: uraia wa aina mbili unagongana?*

Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, hivyo mtoto atalazimika kuchagua akishafikisha umri. China na India haziutambui kabisa. Pasipoti ya pili huja na wajibu pia: raia wa Marekani anatakiwa kuwasilisha taarifa za kodi popote anapoishi, kipato kikifikia kiwango kilichowekwa, na lazima aingie na kutoka Marekani kwa pasipoti ya huko.

Na jambo hili lisemwe waziwazi, kwa sababu kuna watu wanauziwa matumaini. Mtoto raia hawapi wazazi wake haki ya kubaki. Kwa sheria ya Marekani, mtoto hawezi kumwombea mzazi ukaazi mpaka atimize miaka 21.

Hatua hii imekamilika ukiwa na barua pepe ya ubalozi wa nchi yako, iliyopo katika nchi unayokwenda, inayotaja mtoto atakuwa raia wa wapi, kwa kupitia mzazi yupi, na karatasi zipi zitatakiwa. Jibu la mdomo halihesabiki.

Hatua ya 2: Omba visa kwa kusema ukweli

Tangu Januari 2020, maofisa wa visa wa Marekani wanatakiwa kumnyima visa ya matembezi mtu ambaye lengo lake kuu ni kuzaa mtoto huko ili mtoto apate uraia. Anayekwenda kwa sababu ya matibabu aonyeshe barua ya daktari wa huko aliyekubali kumhudumia na uthibitisho wa uwezo wa kulipa gharama zote. Kanda ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, inamtaka mwombaji wa visa awe na bima ya angalau euro 30,000, na humruhusu kukaa siku 90 katika kila siku 180.

Usifiche ujauzito kwenye fomu wala dirishani. Ofisa akikuuliza, mjibu. Kudanganya kwa makusudi ili upate visa ya Marekani kunaweza kukufungia mlango wa nchi hiyo maisha yako yote, na adhabu hiyo ni nzito kuliko kunyimwa visa mara moja. Kuwa mjamzito peke yake si kosa.

Hesabu pia siku za kukaa. Jumlisha wiki unazotaka kufika kabla ya kujifungua, wiki mbili endapo mtoto atachelewa, na wiki sita hadi nane za cheti na pasipoti. Zikizidi siku za visa, mpango huo hautekelezeki, hata kama hospitali imeshakukubali.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa hali mbaya, si kwa hali nzuri

Bei inayotangazwa na hospitali karibu kila mara ni ya mimba ya mtoto mmoja, iliyotimiza wiki zake, ikazaliwa kwa njia ya kawaida, mama na mtoto wakatoka baada ya siku moja au mbili. Hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba yako itakuwa hivyo. Uchungu ukikwama saa nane usiku, mama anaingizwa chumba cha upasuaji, na bei inabadilika papo hapo.

Andikia hospitali na uombe majibu ya maandishi kwa maswali haya:

1. Bei ya kujifungua kwa njia ya kawaida ni ngapi, na inajumuisha siku ngapi za kulazwa?
2. Bei ya upasuaji uliopangwa, na ya upasuaji wa dharura?
3. Daktari wa uzazi, wa usingizi na wa watoto wamo ndani ya bei, au kila mmoja ana bili yake?
4. Sindano ya mgongoni ya kupunguza uchungu, damu, maabara na dawa zimo?
5. Siku moja ya mtoto katika chumba cha uangalizi maalumu ni kiasi gani? Kama hospitali haina chumba hicho, mtoto atahamishiwa wapi na kwa gharama ya nani?
6. Malipo ya awali ni kiasi gani, na yasipotumika yote yanarudishwa baada ya siku ngapi?

Swali la tano ndilo la kukazania. Mtoto njiti hulazwa siku nyingi, na huwa mgonjwa anayejitegemea, mwenye faili lake na bili yake, tofauti na ya mama. Aliyezaliwa na wiki 30 anaweza kukaa hospitalini karibu mpaka tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Hapa ndipo familia hufilisika. Kiwango cha chini cha kuwa nacho, kwa maoni yetu, ni bei kamili ya upasuaji wa dharura pamoja na siku saba za uangalizi maalumu wa mtoto. Ukikosa kiasi hicho, jifungulie nyumbani kwenu, ambako kuna ndugu wa kukusaidia na daktari anayeijua mimba yako.

Marekani, bili huja vipande vipande: ya hospitali, ya daktari, ya mtaalamu wa usingizi, ya maabara. Tangu 1 Januari 2022, mgonjwa anayelipa mwenyewe ana haki ya kupewa makadirio ya maandishi akipanga huduma mapema. Bili ya mtoa huduma ikizidi makadirio yake kwa dola 400 au zaidi, ana siku 120 za kuipinga. Omba makadirio hayo, na bili inapokuja omba iliyochanganuliwa kipengele kwa kipengele. Kagua kama umetozwa chumba kwa siku uliyokwisha kutoka, au dawa ambayo hukupewa.

Uingereza, mgeni wa matembezi anayehudumiwa na hospitali za umma hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya mfumo huo. Huduma ya uzazi haikataliwi wala kucheleweshwa kwa sababu mama hana pesa, lakini bili inamfuata. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili, linaweza kufikishwa kwa idara ya uhamiaji na kuwa sababu ya kunyimwa visa baadaye. Mwenye deni aombe mpango wa kulipa kidogo kidogo mapema, kabla muda huo haujapita.

Hatua ya 4: Soma bima mstari kwa mstari

Bima ya safari ya kawaida hailipii kujifungua. Hulipia dharura za ujauzito, tena mpaka wiki fulani tu iliyotajwa kwenye mkataba. Bima ya Schengen nayo ni ya matibabu ya haraka na kurejeshwa nyumbani, haikukusudiwa kwa uzazi uliopangwa.

Fungua ukurasa wa mambo yasiyolipiwa utafute vitu vinne: wiki ya mwisho ya ujauzito inayokubalika, mapacha, mimba iliyotungwa kwa msaada wa kitaalamu, na mtoto mchanga. Hicho cha mwisho ndicho kinachouma. Mikataba mingi inamtaja mama peke yake, na mtoto akizaliwa kabla ya wakati hana bima yoyote. Tafuta mkataba unaosema kwa maneno yake kwamba mtoto anayezaliwa safarini amejumuishwa. Bima za kimataifa zinazolipia uzazi huweka muda wa kusubiri, mara nyingi miezi 10 au 12, hivyo hazimfai aliyekwisha kushika mimba.

Hatua ya 5: Ndipo ukate tiketi

Mashirika mengi ya ndege hayampandishi mwenye mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki ya 36, na mwenye mapacha baada ya wiki ya 32. Kuanzia wiki ya 28 mengi hutaka barua ya daktari. Wengine hukosea kwa kuhesabu safari ya kwenda tu. Kama unatarajia kurudi kabla ya kujifungua, wiki inayohesabiwa ni ile ya siku ya kurudi.

Usisafiri bila ruhusa ya daktari kama umetokwa damu, kondo la nyuma limekaa chini, una presha ya mimba, au uliwahi kuzaa njiti. Ndani ya ndege tembea kila baada ya muda mfupi, kunywa maji, na muulize daktari kuhusu soksi za kubana, maana mjamzito huganda damu miguuni kwa urahisi zaidi.

Nunua tiketi ya kurudi inayobadilishika. Tiketi ya mtoto hainunuliwi sasa, inasubiri pasipoti yake.

Hatua ya 6: Hospitalini

Fungua faili mapema, siku unapokwenda kliniki ya kwanza. Ukijitokeza ukiwa na uchungu bila faili, utapokelewa kama dharura na kutozwa kama dharura.

Kama damu yako ni Rh hasi na ya mtoto ni Rh chanya, hakikisha umechomwa sindano ya kinga ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Wageni hukosa sindano hii kwa sababu faili lao halina kundi la damu, na madhara yake huonekana kwenye mimba inayofuata.

Sasa jina. Hospitali hupeleka taarifa ya kuzaliwa kwa msajili, na kosa linaloingia hapo hukufuata mpaka kwenye pasipoti. Fomu nyingi zina nafasi mbili: majina ya kwanza na jina la ukoo. Mwenye majina matatu huchanganyikiwa, muuguzi anakisia, na jina la babu linaishia mahali si pake. Fungua pasipoti yako, tazama mistari miwili ya herufi chini ya ukurasa wa picha. Kwenye mstari wa juu, yaliyo baada ya herufi tatu za nchi na kabla ya alama << ndiyo jina la ukoo kwa mujibu wa pasipoti. Yanayofuata ni majina ya kwanza. Nakili hivyo hivyo, herufi kwa herufi, kwa mama na kwa baba. Soma fomu nzima kabla ya kutia saini, pamoja na tarehe, kwa kuwa nchi nyingine huanza na mwezi.

Usitoke bila muhtasari wa matibabu ya mama na wa mtoto, kadi ya chanjo inayoonyesha kilichotolewa na kisichotolewa, na risiti zote. Risiti ziweke miaka mingi, kwani ofisa wa visa anaweza kuuliza nani alilipa.

Hatua ya 7: Sajili kizazi

Taarifa ya hospitali si cheti cha kuzaliwa. Watu hurudi nayo nyumbani wakidhani wamemaliza, kisha wanahangaika kwa mbali kwa miezi mingi.

Muda wa kusajili hutofautiana. Ndani ya Uingereza, England na Wales ni siku 42, Uskoti ni siku 21. Omba cheti kirefu, chenye majina ya wazazi wote wawili, kwa sababu kile kifupi hakithibitishi uzazi na ubalozi utakikataa. Chukua nakala tatu halisi au zaidi.

Kama hamjaoana, nchi nyingine humtaka baba afike mwenyewe ndipo jina lake liandikwe. Uingereza ni hivyo, isipokuwa kuwe na tamko rasmi. Jina la baba likikosekana wakati uraia unapitia kwake, hatua ya 1 yote imebomoka. Baadhi ya nchi za Ghuba nazo hudai cheti cha ndoa kabla ya kutoa cheti cha mtoto, kwa hiyo kiwe kimethibitishwa kabla ya safari.

Baada ya hapo peleka cheti kikathibitishwe ili kitambulike nje. Nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa 5 Oktoba 1961 hutumia muhuri mmoja uitwao apostili. Nje ya mkataba huo, cheti hupita wizara ya mambo ya nje na kisha ubalozi. Marekani, apostili hutolewa na jimbo lililotoa cheti, kwa hiyo usikipeleke jimbo jingine.

Hatua ya 8: Pasipoti ya mtoto

Weka miadi ya ubalozi kabla hujajifungua, kwa kukadiria wiki ya tatu. Balozi nyingi huomba wazazi wote wafike, au aliyeko mbali alete idhini yenye muhuri.

Picha ndiyo hurudisha watu. Mlaze mtoto chali juu ya shuka jeupe lililonyooshwa, karibu na dirisha, mpige picha kutoka juu bila kivuli. Mkono wa mtu, chuchu ya plastiki au kofia visionekane. Nchi nyingi huvumilia macho yaliyofumba kwa mtoto mchanga, lakini soma masharti ya kwenu.

Kama pasipoti itachelewa kuliko visa yako, omba hati ya dharura ya kusafiria. Uliza kwanza kama nchi mnayopitia inaikubali, maana baadhi haziitambui. Mtoto mwenye uraia wa nchi ya kuzaliwa achukue pasipoti yake hapo hapo. Ya Marekani kwa aliye chini ya miaka 16 inahitaji idhini ya wazazi wote wawili, na hudumu miaka mitano.

Hatua ya 9: Kuondoka

Mtoto asiye raia wa nchi aliyozaliwa hana muhuri wa kuingia, na ofisa wa mpakani atauliza aliingiaje. Uwe na cheti cha kuzaliwa mkononi, usikifungie kwenye begi la mizigo. Nchi nyingine humtaka apate kibali cha kutoka. Ulizia uhamiaji mara cheti kinapotoka.

Mashirika mengi humpokea mtoto baada ya siku 7. Mama aliyefanyiwa upasuaji hutakiwa kusubiri muda mrefu zaidi, akiwa na barua ya daktari. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe idhini ya mwenzake.

Visa yako ikikaribia kuisha mtoto akiwa bado amelazwa, omba kuongezewa muda kabla haijaisha, ukiambatanisha barua ya hospitali. Ombi linalofika mapema husikilizwa, lakini aliyekwisha kupitiliza anaanza akiwa mkosaji.

Kama uchungu umekukuta bila kupanga

Nenda hospitali ya karibu yenye huduma ya mtoto njiti, usitafute ya bei nafuu. Marekani, sheria ya mwaka 1986 inazilazimu karibu hospitali zote zenye chumba cha dharura kumpima na kumhudumia mwenye uchungu bila kujali uwezo wa kulipa, ingawa bili itabaki yako. Mpe ndugu mmoja kazi mbili siku hiyo hiyo: kuiarifu kampuni ya bima, kwa sababu kampuni nyingi zina masharti ya muda wa kutoa taarifa, na kupiga simu ubalozini. Kisha anzia hatua ya 6.